Maji Yako Juu

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Arusha, milima ya Upare hukusindikiza mkono wa kulia mwendo mrefu, na abiria wengi huipita wakiwa wamelala. Wakizinduka Same huona miiba, mibuyu na vumbi. Hununua maji ya chupa dirishani, basi likaondoka, nao wakaamini wameshaijua Same. Nami nilipita hivyo miaka mingi. Safari hii nilishuka.

Gari nilikodi palepale mjini, pamoja na dereva wake. Mgeni asijidai kuendesha mwenyewe huko juu. Kona ni kali, na aliyezaliwa milimani anajua ni wapi pa kupiga honi kabla ya kukunja. Malizeni mapatano tangu jioni: mafuta ni ya nani, dereva atalala wapi, mnarudi lini. Gari liwe la juu, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, maana masika udongo wa Upare huteleza kama sabuni.

Asubuhi tulikula makande kwa mama lishe, mahindi yaliyokobolewa na maharage yaliyoiva hadi kupasuka, kisha tukapita mjini polepole. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi hapa kuikataa kodi ya mbiru waliyobebeshwa na serikali ya kikoloni. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliiandikia kitabu habari hiyo. Nilipoutazama ule mteremko waliokuja nao kwa miguu, niliona haya kulalamikia mashimo ya barabara.

Nilichokwenda kukitafuta hasa ni ndiva. Wapare huita hivyo bwawa dogo la kukinga maji ya kijito, na mojawapo, Manoo, liko Bangalala, katikati ya mteremko. Kijito peke yake ni chembamba. Ukikiachia mferejini kitanywewa na udongo kabla hakijafika shamba la mbali. Basi hukingwa usiku kucha, na asubuhi ndiva ikifunguliwa maji hutoka na nguvu ya kufika.

Tulimkuta mzee mmoja amevaa mabuti, jembe begani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba wanangu. Mmewahi, ndiyo kwanza tunafungua.”

Maji yalitoka kwa kishindo, ya rangi ya chai, yakisukuma mbele yake povu na majani makavu. Mzee aliyafuata kwa hatua za haraka. Kwenye kila njia panda ya mfereji aliziba mdomo mmoja kwa bonge la udongo lenye nyasi, akaufungua mwingine. Nilimwuliza leo ni zamu ya nani. “Ya wa chini,” alisema bila kusimama, “wa juu walimwagilia jana.”

Maji hayo yanatoka msituni. Tulipanda hadi Chome, penye hifadhi ya mazingira asilia na kilele cha Shengena, mita 2,462, kirefu kuliko vyote vya Upare. Chini mjini nilikuwa natokwa jasho. Huku nilivaa sweta mchana. Ukungu ulipita kwenye miti ukiacha matone kwenye ndevu za kuvu na majani. Humu anaishi ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe machoni, ambaye hapatikani popote duniani ila Upare Kusini. Nilimsikia mara nyingi kuliko nilivyomwona.

Siku ya pili tulizunguka upande wa mashariki. Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko karibu sana na mji, na ndani kuna faru weusi na mbwa mwitu. Hilo nitalirudia siku nyingine kwa nafasi yake. Mbaga kuna mapango ya Mghimbi, ambamo watu walijificha wasikamatwe enzi za biashara ya watumwa. Kule Ndungu tambarare yote ni mpunga.

Mamba Myamba ndiko nilikotamani kubaki. Tangawizi imeshika mteremko mzima, chini ya migomba. Mama mmoja alikuwa anaing’oa. Alikung’uta udongo, akavunja kidole kimoja, akanipa. Harufu ilinikaa mkononi hadi usiku.

Tukiwa tunateremka jioni, dereva alisimamisha gari kwenye daraja dogo bila kuniambia neno. Akatoa madumu mawili nyuma ya kiti, akaenda kuyajaza kijitoni.

“Ya nyumbani, Same,” alisema akiyafunga vizibo. “Mama yangu chai hanywi kwa maji mengine.”