Mtarakwa kwenye bakuli

Wadau, nimepotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Mbulu, nikapitia na Hanang, na nimerudi Dar na swali moja linaloninyima usingizi.

Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu wa bonsai. Kibarazani ninayo minne: mkuyu, mkwaju, mbuyu na bogenvilia. Yote inavumilia ujinga wangu. Mkuyu hata nikiukata ukabaki kisiki, unachipua tena. Mtarakwa hauko hivyo. Tawi ukiliacha bila jani la kijani, limekwenda. Na ukifa haukuambii. Majani yanabaki ya kijani kwa wiki kadhaa wakati mti umeshakufa (nina vyanzo vya habari vya namna hiyo). Tena ni mti wa baridi ya milimani, mimi nakaa Tabata chini ya bati.

Sasa, kwa shangazi yangu karibu na Katesh kuna mche wa mtarakwa umejiotea kando ya uzio, shina limepinda kama mgongo wa mzee. Nguzo za uzio wenyewe ni mtarakwa, alizichimbia babu, na mchwa hawajazigusa. Nikamwomba niung'oe.

Akanyamaza. Tangu lile tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023, lililoua watu zaidi ya 80, shangazi hapendi kuona mti ukitoka ardhini.

"Mwanangu, sisi huku tunapanda, wewe unang'oa? Halafu ukaufunge waya! Umekukosea nini?"

Nikajitetea kwa msindano wa Japani uliotunzwa kwenye chungu tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, familia iliyokuwa nao ikaizawadia Marekani mwaka 1976, na hadi leo uko Washington.

"Miaka yote hiyo alikuwepo mtu wa kuumwagilia," akasema. "Wewe mwaka jana umekuja hapa mara ngapi?"

Mara moja. Kwenye msiba.

Mwishowe akatoa sharti: nipande kumi kwanza, nije mwenyewe kuiangalia, ndipo tuzungumze habari za huo uliopinda. Na chungu kitakaa kwake, Dar hakiendi.

Nimeshalipia miche sita kitaluni. Barua ya likizo iko mezani kwa mhariri tangu Jumatatu.