Kizuri Chajiuza, Lakini Nani Atakiona?

Mama yangu mdogo, anayeishi katika kijiji kimoja cha Newala, ni bingwa wa methali. Siku nilipomwambia kwamba nataka kuzitangaza korosho zake katika mitandao ya kijamii, alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimesema nitazitembeza barabarani kwa ngoma. "Mwanangu," akasema, "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Sikumbishia, maana mtoto habishani na mama yake. Lakini moyoni nilijiuliza: kizuri kilichoko juu kule kwenye uwanda wa Makonde kitajiuza kwa nani? Kwa miaka mingi sehemu zetu za kusini zilikuwa mbali na Dar es Salaam kuliko ramani inavyoonyesha. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri alivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na masika yakishika njia ilikatika. Leo basi hutoka Masasi alfajiri likafika Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Barabara imefupisha safari, lakini haikumfahamisha mkazi wa Kariakoo kwamba huko Newala yuko mwanamke anayebangua korosho safi na hana wa kumuuzia.

Wazo lenyewe lilinijia mwaka 2018, nilipokuwa nyumbani kwa likizo. Mwezi Oktoba mwaka ule wakulima wa kwetu walizikataa bei zilizotajwa minadani, na mwezi Novemba Serikali ikaamua kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jioni watu walikaa barazani wakizungumza juu ya wanunuzi ambao hawajapata kuwaona kwa macho. Ndipo nilipotambua kwamba karibu kila nyumba pale ilikuwa ikingojea neno la mtu wa mbali. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Mama mdogo na jirani zake watatu walibangua kidogo tu, wakauza kwa vikombe kwa wapita njia.

Asiyeijua kazi hiyo aisikie. Korosho hukaangwa, ikagongwa moja moja ili kiini kitoke bila kuvunjika, kisha ikamenywa ngozi yake nyembamba. Maji ya ganda lake huunguza, na mikono ya mama mdogo ina madoa meusi ambayo sabuni haiyaondoi. Kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja tu ya korosho ya kula.

Basi mwaka uliofuata nilifungua ukurasa wa Instagram na kundi la WhatsApp. Niliwaingiza wafanyakazi wenzangu, majirani na akina mama wa kikoba chetu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaendesha bodaboda mjini Masasi. Yeye alipanda Newala kuchukua mzigo, akashuka nao Masasi na kuukabidhi kwa basi, nami nikaupokea Mbagala. Malipo yalikuja kwa simu. Mwezi wa kwanza tuliuza kilo 30, na mama mdogo akaanza kuweka akiba ya saruji ya kujengea kisima cha kuvunia maji ya mvua. Aliyewahi kuishi Newala anajua thamani ya kisima kama hicho, kwa kuwa kiangazi maji hununuliwa kwa ndoo.

Hapo ndipo tamaa iliponiponza. Picha alizonitumia mdogo wangu zilikuwa na giza, tena zilionyesha korosho nzima zimechanganyika na vipande. Nikatafuta katika mtandao picha ya watu wengine, yenye korosho kubwa, nyeupe, zilizopangwa kama shanga, nikaibandika kwenye ukurasa wetu. Wakati huo sikujua hata kwamba korosho ina madaraja. Daraja la 320 maana yake ni kwamba pauni moja, yaani gramu 454, huwa na korosho zisizozidi 320. Daraja la 180 ni nene zaidi na adimu. Nilionyesha watu daraja la 180, na mzigo uliokuwa njiani ulikuwa mchanganyiko wa nyumbani.

Mama mmoja aliagiza kilo tano kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alipofungua mfuko, aliipiga picha korosho yetu, akaiweka kando ya ile picha yangu, akazipeleka zote mbili katika kundi. Chini yake aliandika maneno mawili tu: "Jionee mwenyewe." Watu zaidi ya 200 walijionea. Kwa wiki tatu simu yangu haikupata agizo hata moja.

Nilimrudishia fedha zake zote, na fedha hizo zilitoka katika akiba ya saruji. Ilinibidi nimpigie mama mdogo simu kumweleza. Nilimwamkia, nikasimulia kila kitu bila kuficha. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, hizo ulizowaonyesha zilikuwa korosho za nani?"

Sikuwa na jibu. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi ya haki, na mimi niliyekaa mjini nikaificha nyuma ya kazi ya mtu nisiyemjua. Methali yake ilikuwa imenishika. Kosa halikuwa kuitembeza korosho. Nilikuwa nimetembeza kitu ambacho hatukuwa nacho.

Tulianza upya. Nilimwomba mama mdogo ruhusa ya kupiga picha mikono yake ikifanya kazi, naye akakubali kwa sharti kwamba uso wake usionekane. Mdogo wangu alipiga picha mchana, korosho zikiwa kwenye ungo: nzima upande huu, vipande upande ule. Kila moja tuliiandikia bei yake, uzito wake na siku iliyobanguliwa. Lo! Vipande, ambavyo nilikuwa nimevionea haya, vilipata wateja wake: waoka keki na akina mama wanaoungia mchuzi. Walirudi mmoja mmoja, na wengi waliletwa na mtu aliyekwisha kula. Yule mama wa harusi hakununua tena, wala simlaumu.

Niliyojifunza baada ya hapo ni haya. Kwanza, mtandao huleta kila aina ya mtu. Walikuja wanaume wakitaka magunia ya korosho ghafi kwa bei ya siri. Mama mdogo aliwakataa papo hapo. "Hiyo ni kangomba," alisema. Katika mkoa wetu korosho ghafi huuzwa kupitia vyama vya msingi kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, na anayeukwepa humpunja mkulima.

Pili, usiiachie simu kumbukumbu zako zote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na Tanzania pamoja na nchi jirani zikakosa mawasiliano mazuri kwa siku kadhaa. Mimi nilikuwa na daftari lenye majina ya wateja, namba zao na madeni yao. Niliwapigia simu ya kawaida mmoja mmoja, na mzigo wa wiki ile haukulala.

Tatu, fedha za biashara na fedha za jikoni zisikae mahali pamoja. Kila mwisho wa mwezi mimi na mama mdogo hupiga hesabu: nauli ya mzigo, mifuko, vifurushi vya intaneti, ujira wa jirani zake na wa mdogo wangu. Kinachobaki ndicho faida. Mwezi mwingine ni kidogo, nasi hukubali.

Ndugu msomaji, huenda nawe una shangazi anayesuka mikeka au jirani anayepika maandazi mazuri, na simu unayo mkononi. Mtangaze. Lakini kabla hujabandika picha, jiulize swali la mama yangu mdogo.

Kisima kilichelewa kwa sababu yangu, na kiangazi cha mwaka ule mama mdogo alinunua maji kama kawaida. Sasa kimekwisha, nacho hujaa masika. Hadi leo, kila Jumamosi ananipigia kwa simu yake ndogo ya tochi, na baada ya salamu swali lake la kwanza ni moja: "Na vipande umewaandikia?"