Vidonge vya Rangi Mbili

Mtoto wa dada yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu homa ilipompanda, hapa Kisenge, Kongo. Macho mekundu, makamasi, kikohozi kisichonyamaza. Nilikimbia kwa muuza dawa, nikarudi na vidonge vya rangi mbili, vyekundu kwa vyeusi, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Ni ugonjwa gani, sikuuliza, naye hakuniuliza. Nyumbani tulikipasua kimoja, tukamwaga unga wake ndani ya uji, na usiku ule nililala kama mtu aliyelipa deni.

Siku ya pili yake mama alimpeleka mtoto dirishani, akampanua mdomo. Ndani ya shavu palikuwa na vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za chumvi.

"Surua hii, baba," aliniambia.

Kesho yake vipele vikaanza nyuma ya masikio, vikashuka usoni na kifuani.

Tukampeleka kwa muuguzi, naye hakunigombeza. Alivigeuza vile vidonge kiganjani, akasema ni ampisilini, ya jamii ya penisilini, akanieleza taratibu. Bakteria ni kiumbe kamili, ana ukuta wake, na dawa za jamii hiyo humharibia ukuta huo anapoujenga, akapasuka. Virusi vya surua havina ukuta wa namna hiyo. Ni vidogo mno, wala haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli za mwili wetu na kuzitumikisha. Kwa hiyo ampisilini yangu ilikuwa ikibomoa ukuta usiokuwepo.

Nikamkumbuka marehemu baba, fundi wa mashine mgodini. Mwaka 1975 vita vya Angola vilipokata reli ya kwenda Lobito, manganizi ya Kisenge ilikosa njia ya kwenda baharini, ikabaki vilima vyeusi. Baba aliendelea kufungua injini, kupaka grisi, kufunga tena. Injini hazikuwa na kosa lolote. Lakini mwenye spana akikaa bila kuishika hujiona si kitu, na mimi ndivyo nilivyokuwa: nilitibu hofu yangu kwa tumbo la mtoto. Tena si bure. Kila dozi isiyo na kazi huwapa bakteria wengine mwilini nafasi ya kuizoea dawa, na siku ukiihitaji kweli, inakukatalia.

Mtoto akapewa vitamini A siku mbili mfululizo, maji mengi na uji. Siku ya sita pumzi zikaanza kwenda mbio, mbavu zikibonyea. Nimonia. Bakteria walikuwa wamepita mlango ulioachwa wazi na virusi. Sasa ndipo muuguzi alipoandika antibiotiki, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, si unga wa kukadiria kwa kijiko. Nilitamani kucheka, nikashindwa.

Alipona. Wengi hawakupona: katika mlipuko wa 2019 na 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto, huku macho ya dunia yakiwa kwenye Ebola ya mashariki.

Chanjo ya surua hutolewa mtoto akifika miezi 9. Mwezi ule tulikuwa shambani tunavuna mahindi. Tukasema tutakwenda wiki ijayo. Leo nimeitoa kadi yake sandukuni. Mraba wa miezi 9 uko mtupu. Itazame na ya mwanao.