Picha Tatu, Bonde Moja

Tuma picha nzuri ya mandhari kwenye grupu la darasa, halafu subiri dakika mbili. Lazima atokee mmoja aandike: "Hiyo umeediti." Basi, mjadala umeisha. Neno lenyewe linatosha kuwa hukumu, na mwenye picha anabaki kujitetea kama mtu aliyekamatwa na karatasi kwenye chumba cha mtihani.

Mimi napiga picha tangu mwaka wa kwanza, kwa kamera ya mtumba niliyoipata kwa kudunduliza bumu. Sikatai kwamba kuna picha za uongo, zipo nyingi tu. Ila kuna kazi moja ambayo watu wanaiita uongo na mimi naona wanaionea: kupiga picha kadhaa za sehemu moja, kila moja kwa kiwango chake cha mwanga, kisha kuziunganisha ziwe picha moja. Wapiga picha wa pwani wanaipenda sana kwa ajili ya machweo ya baharini. Mimi nimejifunzia bara kidogo, Newala na Masasi, na naomba nieleze kwa nini naiamini.

Kama hujafika Newala, kuna sehemu inaitwa Shimo la Mungu. Uwanda wa juu wa Makonde, ambao hapo uko zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, unakatika ghafla kama mkate. Chini kuna bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Asubuhi na mapema anga limeshawaka na milima ya ng'ambo imepata jua, lakini miguuni pako bonde bado limo ndani ya kivuli cha uwanda. Ukiwa umesimama pale unaona vyote: mawingu, milima ya mbali, mikorosho, hadi njia nyembamba zinazoshuka bondeni.

Sasa toa kamera. Ukiipimia bonde, anga na Msumbiji vinakuwa weupe mtupu kama karatasi. Ukiipimia anga, bonde linakuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Kamera haijaharibika. Jicho lako linapotazama juu, mboni inasinyaa. Likitazama chini, inapanuka. Na ubongo unaunganisha bila kukuomba ruhusa. Yaani wewe mwenyewe unaediti tangu uzaliwe. Kamera inapewa nafasi moja tu, shata ikifunga imefunga.

Dawa yake ni kuipa kamera nafasi tatu. Unaisimamisha kwenye stendi, na kama upepo ni mkali, kama ulivyo pale ukingoni, unaning'iniza begi zito katikati ya stendi isitikisike. Unafunga fokasi. Unaacha tundu la lenzi lilivyo, kwa sababu ukilibadilisha, kina cha sehemu inayoonekana vizuri nacho kinabadilika na picha hazitalingana. Rangi nazo usiiachie kamera ijichagulie. Kinachobadilika ni muda wa shata peke yake: mimi huanza na 1/500 ya sekunde kwa ajili ya anga, 1/125 kwa katikati, 1/30 kwa bonde. Kila hatua inaingiza mwanga mara nne ya ile iliyotangulia. Unatumia taima ili kidole chako kisitingishe kitu. Kazi nzima haizidi nusu dakika.

Kuunganisha unafanyia kwenye kompyuta. Mimi natumia GIMP, programu ya bure ambayo hata laptopu iliyochoka inaimudu. Unazipanga picha moja juu ya nyingine kama shuka kitandani, kisha unaivalisha ile ya juu kinyago. Sisi wa upande wa Wamakonde neno hilo halitutishi. Kinyago cha kompyuta ni rahisi kuliko cha mpingo: ukipaka nyeupe, picha ya juu inaonekana, ukipaka nyeusi, inajificha na ya chini inatokea, ukipaka kijivu, zinachanganyika. Hakuna kinachochorwa upya. Unachagua tu, kila sehemu, ni picha ipi kati ya tatu iliyoiona vizuri.

Newala inakulea taratibu, maana upeo wake una ukungu. Ukipaka rangi kutoka nyeupe kwenda nyeusi polepole, mpaka wa anga na ardhi haujulikani. Masasi haina huruma hiyo. Pale milima ya mawe kama Mkomaindo na Mtandi inachomoza kutoka kwenye tambarare bila taarifa, na ukingo wa jiwe dhidi ya anga la jioni ni mkali kama wembe. Ukifanya kama ulivyofanya Newala, jiwe linavaa taji la mwanga kuzunguka kichwa, utadhani mtakatifu kwenye dirisha la kanisa. Inabidi ufuate ukingo wa jiwe, kona kwa kona. Mlima mmoja ulinimalizia umeme wa jioni mbili.

Pwani ndiyo inasumbua kuliko zote, na hapo nawavulia kofia wanaoiweza. Mikindani nilipiga ghuba alfajiri, picha tatu kama kawaida, ngalawa moja ikipita. Kwenye muunganiko ngalawa zikawa tatu, mbili zikiwa mizimu. Mawimbi nayo hayamsubiri mtu. Kinachofanyika ni kuchukua kila kinachotembea kutoka picha moja tu: ngalawa na maji yake vitoke kwenye picha ileile, zile nyingine zitoe anga na ufukwe.

Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anapiga picha za bahari. Vioo vya wakati ule vilishtushwa mno na mwanga wa bluu, hivyo anga lilitoka jeupe kila mara. Akawa anapiga kioo kimoja cha bahari na kingine cha anga, kisha anavichapa kwenye karatasi moja, vikikutana kwenye mstari wa upeo. Watu walizishangaa picha zake. Lakini alifanya na jambo lingine: mawingu yaleyale aliyaweka juu ya bahari tofauti.

Hapo ndipo mimi nachora mstari. Mahali pamoja, kusimama kumoja, asubuhi moja. Ukileta anga la Msimbati ukaliweka juu ya Newala, hata kama limependeza, umeshatoka kwenye kuona umeingia kwenye kutunga. Tunga ukitaka, sanaa ni sanaa, ila usimwambie mtu kwamba pale ni Newala.

Kanuni hiyo ilipata kazi nilipokuwa fildi Newala, nikifundisha Jiografia kidato cha tatu. Mada ilikuwa kusoma na kutafsiri picha. Picha za mfano tulizokuwa nazo zilikuwa za mbali, na za kutoa kopi ya kopi, mlima na ziwa vyote doa jeusi. Ajabu yake ni kwamba Newala ilishapigwa picha zamani sana: mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi na Newala na kamera ya vioo, akarudi kwao nazo. Darasani kwangu haikuwepo hata moja. Nikachapisha picha yangu ya Shimo la Mungu, kubwa, nikaibandika ubaoni.

Mwanafunzi wa kwanza kunyoosha mkono aliuliza: "Ticha, hii ni ya kweli au ya kompyuta?" Sikumjibu. Nilibandika pembeni zile tatu za awali, ile ya anga, ya katikati na ya bonde, nikawaambia watafute kitu chochote kwenye picha kubwa ambacho hakimo kwenye mojawapo ya hizo tatu. Walitafuta kwa bidii kweli, maana kumnasa mwalimu wa fildi ni raha. Hawakukipata.

Baada ya hapo ndipo maswali mazuri yalipokuja. Binti mmoja aliuliza: nyumba nyingi ziko juu, na maji yako chini, kwa nini babu zetu walikaa juu? Tulikaa nalo kipindi kizima. Udongo wa uwanda ni wa kichanga, mvua inazama, wanawake wameshuka na kupanda na ndoo vizazi na vizazi. Lakini vichaka vizito vya juu viliwaficha watu enzi za wateka watumwa na mashambulizi ya Wangoni. Swali lile lisingezaliwa kwenye picha yenye bonde jeusi, kwa sababu asingeliona bonde.

Nakala ya pili nilimpelekea bibi yangu. Yeye kazaliwa ng'ambo, akavuka Ruvuma mtoto, wakati wa vita vya uhuru wa Msumbiji vilivyoanza 1964. Awali nilikuwa nimemwonyesha picha ya simu, akaitazama sana, akasema: "Mume wangu, mbona kwetu umepafuta?" Na kweli, pale kwenye simu Msumbiji ilikuwa weupe tu. Hii ya kuunganisha aliishika kwa mikono miwili, akafuata milima kwa kidole. Kisha akanyanyua kichwa.

"Huu moshi utoe. Unaniziba."

Ulikuwa moshi wa mashamba, watu wanachoma majani kusafisha. Kuutoa kwenye kompyuta ni kazi ya dakika kumi. Ndugu zangu, kumkatalia mgeni ni rahisi, jaribu kumkatalia bibi. Nilimwambia: "Bibi, siku ile moshi ulikuwepo." Akanijibu kwamba yeye hakuniuliza habari za siku ile.

Sikuutoa. Mwezi wa kumi na mbili chuo kilipofunga kidogo, nilirudi ukingoni baada ya mvua kuusafisha upepo, nikapiga nyingine tatu. Hiyo ndiyo iko ukutani kwake. Ile ya moshi niliiacha shuleni, na moshi wake, kwa sababu nayo inasema ukweli: mwezi wa nane watu wanatayarisha mashamba.

Kwa hiyo ukiona picha ya mandhari usiishie kuuliza kama imeeditiwa. Muulize mpigaji alisimama wapi, siku gani, na kama anazo zile za awali. Na nyie mnaokwenda fildi mwaka huu, hata kwa simu ya kawaida iliyoegemezwa kwenye jiwe, pigeni picha ya kijiji mtakachopangiwa na muibandike ubaoni. Zile za awali msizifute. Kuna mtoto atataka kuzihakiki.