Barua ya Mchungaji

Mwaka 1983, mtoto wa Uchagani aliyetaka kwenda seminari ya Kilutheri alihitaji vitu vitatu: kufaulu mtihani wa kuingilia, sanduku, na barua ya mchungaji. Iliyosumbua ni barua. Mchungaji wetu aliiandika kwa mkono, kwa wino wa buluu uliovujia upande wa pili wa karatasi, baada ya kumweka baba yangu barazani asubuhi nzima akimuuliza maswali ambayo majibu yake aliyajua: kama mtoto anahudhuria mafundisho ya kipaimara, kama ahadi ya mwaka imelipwa, kama mbege nyumbani inanywewa kwa kiasi. Baba alikuwa na deni la ahadi la miaka miwili. Alijibu kwamba kahawa bado haijalipwa. Mchungaji akacheka, akaandika.

Leo fomu inalipiwa kwa simu.

Sanduku langu lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya kijani iliyosalia baada ya kupakwa mlango wa ofisi ya kijiji, na ndani yake mlikuwa na shuka mbili, nusu mche wa sabuni ambao mama aliukata kwa uzi, na katambuga za tairi. Ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Kagera, na wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Sabuni ilipokwisha tulifulia majani ya mpapai. Ugali ulikuwa wa unga wa njano wa msaada, tuliouita Yanga, na washabiki wa Simba walikula wamenuna lakini walikula. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, ikigongwa saa kumi na moja alfajiri kwa nondo, nasi tukashuka mferejini kuoga maji yaliyotoka mlimani yakiwa na baridi ya kukata pumzi, huku harufu ya kahawa iliyovundikwa ikipanda kutoka vihamba vya jirani. Usiku tulisoma kwa karabai moja kwa madarasa mawili. Aliyekaa mbali na taa alisoma kwa masikio.

Tulikuwa seminari kwa jina. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua shule za madhehebu, na Walutheri wakaziona Ilboru na Ashira zikienda, kama Wakatoliki walivyoiona Pugu na Waanglikana Minaki. Seminari ziliachwa kwa kuwa kazi yake ni kuandaa watumishi wa kanisa. Basi mtoto ambaye hakupata nafasi serikalini, na nafasi wakati ule ziligawanywa kimkoa, hivyo mtoto wa Kilimanjaro alijua kwamba kufaulu pekee hakutoshi, aligundua ghafla kwamba ana wito. Darasa letu la wavulana 36 lilitoa wachungaji wawili. Wengine tulitoka wahasibu, madaktari, wafanyabiashara wa mbao, na mwandishi mmoja. Sijui Mungu alituonaje. Nadhani wizara ilijua na ikanyamaza.

Nasema haya kwa sababu binti yangu yuko kidato cha pili katika shule ileile ya dayosisi, na kila siku ya wazazi naingia getini nikiwa na mioyo miwili. Familia ya shule hizi imeota matawi. Ule mti ulioanza Machame mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipofika, sasa una shule za chekechea, za msingi, za sekondari, vyuo vya ualimu na vya uuguzi, na Makumira, ambayo sisi tuliijua kama mahali pa kusomea uchungaji, ni chuo kikuu kinachofundisha sheria na muziki. Kuna mabasi ya njano. Kuna king'ora cha umeme badala ya rimu.

Na kuna maabara. Sisi bureti tuliiona ubaoni, imechorwa kwa chaki na mwalimu aliyekuwa na mkono mzuri wa kuchora, na mtihani wa kemia tuliufanya kwa kukisia rangi ambazo hatujawahi kuziona zikibadilika. Binti yangu ana bureti yake. Kuna muuguzi, na gari lenye mafuta. Mwenzetu mmoja alishikwa na homa tukiwa kidato cha pili. Tulimpa klorokwini, akajikuna usiku kucha, na asubuhi gari la shule halikuwa na petroli. Tulimbeba kwa machela ya mablanketi. Hakufika. Kwa hiyo mzee mwenzangu akianza kuniambia kwamba shule zilikuwa zamani, namwacha aseme peke yake.

Ila lugha inanichekesha. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyekaa Moshi ya Kale miaka mingi, alishikilia kwamba Mchaga afundishwe kwa lugha yake. Wakaja waliofundisha kwa Kiswahili. Sisi tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili nje ya kipindi chake, na tulikipokezana kwa ujanja mwingi, ukimkanyaga mwenzako makusudi ili apige kelele kwa lugha ya mama yake. Sasa kibao hakihitajiki. Binti yangu husali kwa Kiingereza, na bibi yake, mezani, husubiri asikie Amina ndipo ajue kwamba imekwisha.

Kilichobaki ni matarumbeta. Wajerumani walituachia matarumbeta, na ukipita usharikani Jumapili yoyote kule mlimani utayasikia kabla hujauona mnara. Siku zetu yalipulizwa na wavulana tu. Midomo ilituvimba, na la besi lilikuwa limezibwa tundu kwa sabuni. Siku ya wazazi iliyopita, waliosimama mbele wakipuliza walikuwa wasichana tu. Walipuliza vizuri kuliko sisi. Nilikaa nikaumia kidogo, kisha nikapiga makofi.

Linaloniuma zaidi ni hesabu. Ada yangu ilitoka kihambani: magunia ya kahawa, na iliposhindikana, debe la maharage, na iliposhindikana tena, baba alikuja mwenyewe likizo akapasua kuni za jiko la shule wiki mbili. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Shule nazo zikaacha kutegemea kahawa, na walimu wazuri hawalipwi kwa maharage. Hilo nalielewa, mimi ni mhasibu. Lakini nikiiweka ada ya muhula mmoja upande huu, na kihamba chote cha baba upande ule, mizani haikai sawa. Shule iliyonilea isingenipokea leo. Mtoto wa aina yangu yuko shule ya kata, bondeni, tangu 2016 bila ada, na jioni husikia matarumbeta kutoka ng'ambo ya uzio.

Miaka mitatu iliyopita, wahitimu wa enzi zetu tulifungua kundi la simu tukachanga. Zilipatikana fedha nzuri. Mmoja akapendekeza tuwalipie watoto wawili wa pale kijijini mpaka wamalize kidato cha nne. Mwingine akasema shule haina geti la heshima, wageni wanaingia kama wanaingia zizini. Tulibishana wiki nzima, kwa Kiingereza. Mwishowe tukapiga kura.

Geti ni zuri. Lina nguzo mbili za mawe ya mtoni, msalaba wa chuma juu, na kibao cha marumaru chenye majina ya wachangiaji. Binti yangu alinivuta mkono siku ile ya wazazi anionyeshe.

"Baba, uko wa 14. Ila wamekukosea herufi."

Nikamwambia waache tu. Nilipiga kura ya geti.