Motokari Tatu za Namna Moja

Hapa Fungurume mtu akiwa na motokari tatu, watu husema amepata mali. Lakini zikiwa za namna moja, na mbili zimelala juu ya mawe, husema amepata wazimu. Jirani yangu ni mmoja wa hao, nami nataka kumtetea kidogo.

Anazo Toyota Corolla tatu, za ile namna iliyoanza kutengenezwa mwaka 1987. Corolla ya kwanza iliundwa mwaka 1966, na kufika 2021 zilikuwa zimekwisha kuuzwa zaidi ya milioni 50. Mtu atasema: basi, vipuri havikosi. Ulimwenguni havikosi, hapa vyakosa. Namna iliyofuata, ya mwaka 1991, ina jina lile lile, lakini mlango wake hauingii katika gari la jirani yangu. Tena magari haya matatu yalitoka Japani, ambako watu hupita upande wa kushoto, basi usukani wake uko kuume, ingawa sisi huku Kongo twapita kuume. Corolla iliyoundwa kwa ajili ya Ulaya yaweza kumpa mlango, bali mitambo ya usukani haitamfaa. Kwa hiyo yeye hatafuti Corolla tu. Atafuta ndugu wa tumbo moja. Akimwona anamnunua, hata kama hatembei, maana kesho atakuwa amekatwa vipande na mwingine. Na safari moja ya kwenda Likasi, pengine mpaka Lubumbashi, kutafuta kipuri na kurudi mikono mitupu, yala fedha nyingi.

Hesabu hiyo naikubali. Lakini haielezi yote. Gari la pili lilinunuliwa lifunguliwe vipande. Alitoa kioo kimoja na taa, kisha akaazima betri ajaribu injini, nayo ikawaka! Tangu siku ile mkono wake hauwezi kulitoa hata skrubu. Akanunua la tatu, lililopata ajali, ili la pili lisichinjwe. Nasikia huruma hii wanayo hata wapenzi wa Volkswagen ya kobe, ambayo ya mwisho ilitoka kiwandani huko Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Nadhani huruma hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Mkewe hataki kusikia habari hizo. “Baba, lile la tatu limekalia mahali pa jiko. Mvua ikinyesha, nitapika wapi?” Katika jambo hilo mimi niko upande wa mama. Amesema kabla ya mvua moja litoke. Fundi naye akasema la tatu halina bei. La pili ndilo litakalopata mnunuzi, na fedha zake zatosha matofali na mabati ya jiko.

Jirani alinyamaza siku mbili. Juzi jioni alikuja kwangu, akakaa, akautazama uwanja wangu muda mrefu. Kisha akauliza, “Ndugu, huu mwembe wako bado unazaa?”