Panya Amelegea

Baba mdogo ana msemo mmoja anaourudia kwa kila mgeni anayefika kwenye mashine yake ya mbao: “Msumeno hauogopi mti, unaogopa udongo.” Kwa miaka nilikuwa nausikia na kucheka. Nilidhani ni zile kauli za wazee wa kazi, zinazosemwa ili mgeni atikise kichwa na kwenda zake. Julai iliyopita ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa taarifa kamili. Mimi, ambaye taarifa ndiyo ugali wangu, nilikuwa nimeipuuza, na kupuuza kwangu kukamponza mtu.

Kwetu ni Mufindi. Ukitoka Mafinga kuelekea upande wowote utakutana na miti iliyopangwa kwa mistari: paina za shamba la serikali la Sao Hill, kisha paina na milingoti ya watu binafsi, kilima baada ya kilima. Na palipo na miti hukosi dingdong, ile mashine ya msumeno wa duara unaosukumwa na injini ya dizeli, ambayo utaisikia kabla hujaiona. Baba mdogo alikuwa nayo kwa miaka mingi. Tatizo la dingdong ni ulafi. Msumeno wake ni mnene, kwa hiyo kila unapopita sehemu kubwa ya gogo inageuka unga. Akaiuza, akakopa, akanunua mashine ya msumeno wa utepe iliyokwishatumika, ya kufungwa nyuma ya pikapu na kuvutwa hadi shambani.

Msumeno wa utepe ni mwembamba. Njia yake ndani ya gogo ni kama milimita mbili tu, hivyo gogo lile lile linakupa mbao zaidi. Lakini wembamba huo huo ndio ugonjwa wake. Ukigusa mchanga, makali yanaondoka. Makali yakiondoka, msumeno unaanza kutangatanga ndani ya gogo, na mbao inatoka na mawimbi kama bati. Mbao ya mawimbi haina mnunuzi, au anayo wa bei ya kuni. Na magogo ya kwetu yanaburutwa kutoka mabondeni na trekta au ng'ombe, juu ya udongo mwekundu, wakati mwingine kwenye matope. Yakifika kwenye mashine, magome yake yamebeba nusu ya shamba.

Hapo ndipo anapoingia panya.

Panya ni jina walilompa vijana wa mashine. Ni kifaa cha kumenya magome: mkono mfupi uliofungwa mbele ya msumeno, kwenye ncha yake kuna gurudumu dogo lenye meno magumu, na mota ya volti 12 inayolizungusha kwa mkanda. Halimenyi gogo zima. Linatafuna kijia chembamba tu kwenye gome, pale pale msumeno unapotaka kuingilia, ili meno ya msumeno yakute mti msafi. Niliwahi kumuuliza baba mdogo kwa nini panya yuko upande mmoja tu, ilhali udongo uko pande zote mbili. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una bawaba upande mmoja. “Upande wa kuingilia, msumeno unakokota mchanga na kupita nao gogo zima. Upande wa kutokea, mchanga unatupwa nje. Unaogopa kinachoingia mdomoni, au kinachotoka?”

Sasa nije kwa kijana. Nitamwita Mnoaji, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kunoa misumeno, kuyapanga meno yake kushoto na kulia, na kuifunga kwenye mashine. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili, hana maneno mengi. Mwezi wa tatu misumeno ikaanza kufa ovyo. Zamani msumeno mmoja ulipasua tangu asubuhi hadi wakati wa chai bila kubadilishwa. Sasa haumalizi gogo la pili. Mawimbi yakaanza. Mteja wa Iringa mjini akarudisha mzigo. Misumeno miwili ikakatika kabisa.

Baba mdogo akanipigia simu. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye “msomi”, na msomi huulizwa mambo ambayo hakuyasomea. Akanieleza: misumeno haidumu, mnoaji ni yule yule, mashine ni ile ile. Nikamuuliza kama panya anafanya kazi. Akasema anazunguka, nimemwona kwa macho yangu, anapiga na kelele. Basi nikiwa kwenye kiti changu cha chumba cha habari Dar, chai mkononi, nikatoa hukumu. Nilisema kama mashine ni nzima na magogo ni yale yale, basi kilichobadilika ni mtu. Anachoma meno wakati wa kunoa, au anavuta bangi. Nilisema hivyo hivyo, na hilo la bangi sikulipata kwa yeyote. Nililitoa kichwani.

Wiki iliyofuata Mnoaji aliondolewa, na bei ya misumeno miwili ikakatwa kwenye mshahara wake wa mwisho.

Alikuja mnoaji mwingine. Misumeno ikaendelea kufa. Sikuambiwa, na sikuuliza.

Julai nikapata likizo nikapanda nyumbani. Ni msimu wa baridi kali kule, asubuhi ukungu umelala kwenye paina na vijana wanaota moto wa mabanzi kabla ya kuwasha mashine. Nilimkuta baba mdogo amekonda. Deni lilikuwa halijapungua, na mnoaji wa pili naye alikuwa ameshaondoka, wa tatu yuko njiani kuondoka. Siku ile alikuwa amemwita fundi umeme wa malori kutoka Mafinga, mzee mmoja mpole mwenye kofia ya sufi, aje amtazame panya “kwa kumaliza wasiwasi tu.”

Fundi alianza na mambo ya mikono. Injini ikazimwa, ufunguo ukatoka na kuingia mfukoni mwake mwenyewe. Akalizungusha gurudumu la panya kwa kidole: laini, beringi nzima. Akagusa meno yake: yamechakaa kidogo, bado yanakwaruza ukucha. Akaubonyeza mkanda: mpya, umekaza. Baba mdogo alikuwa ameshaubadilisha mara mbili. Akafungua mota akatazama zile kaboni: ndefu bado. Akapima betri kwa testa: volti 12.6. “Betri nzima,” akasema baba mdogo, kwa sauti ya mtu aliyekwishayasema hayo.

Ikawashwa. Panya akazunguka hewani, akalia kwa nguvu. Yaani hata mimi ningeapa mahakamani kwamba ni mzima.

Fundi hakusema kitu. Akaomba gogo chafu kuliko yote liwekwe. Akabana nyaya za testa kwenye mota mapema, akatusogeza nyuma, akaamuru injini iungurume bila kuuzungusha msumeno, kisha panya aletwe kwenye gome. Hapo ndipo nilipoona. Mara tu alipogusa, sauti ilishuka kama mtu aliyekatizwa kauli. Alikuwa analamba gome tu. Juu ya udongo mkavu alikuwa anateleza, nyuma yake kunabaki mstari mwekundu, safi kwa kuutazama kwa mbali, ila mchanga wote umo. Testa ikasoma volti 8.9. Kwenye betri, wakati huo huo, 13.2.

“Zaidi ya volti nne zimepotea njiani,” akasema fundi. “Sasa tuulize zimepotea njia ipi.”

Akanipa testa niishike, labda kwa kuwa nilikuwa sina kazi. Tulipima upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye mota, panya akiwa anatafuna: 0.4. Tukapima upande wa hasi, kutoka mwili wa mota hadi kichwa cha hasi cha betri: 3.9. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alifuata waya mweusi mnene kutoka kwenye betri hadi pale unapokazwa kwa bolti kwenye fremu ya mashine. Bolti ilikuwa imekaza vizuri. Aliifungua. Chini yake, kati ya kichwa cha waya na chuma cha fremu, kulikuwa na duara safi la rangi ya kijani, na kutu imeizunguka.

“Nani alipaka rangi hapa?” aliuliza.

Rangi ile niliinunua mimi. Desemba, nikiwa likizo ya Krismasi, niliona fremu inaanza kushika kutu, nikatoa pesa, nikavaa ovaroli ya baba mdogo nikapaka mwenyewe. Nilifungua kila bolti niliyoiweza ili kazi ionekane ya mtu makini, nikapaka hadi chini yake, nikarudisha. Nilipiga na picha. Nikaziweka mtandaoni na maneno ya kujisifu kidogo kuhusu kazi za mikono.

Fundi alieleza bila kumlaumu mtu. Umeme hauendi kupitia rangi. Mwanzoni ulikuwa unapenya kwenye nyuzi za bolti, zile zilizobaki chuma tupu, ndiyo maana Januari panya alifanya kazi. Kisha mvua za masika, unga wa mbao uliolowa, kutu ikajijenga kwenye nyuzi, na njia ikazidi kuwa nyembamba. Mota ikizunguka hewani haidai umeme mwingi, hata njia nyembamba inatosha. Ikiuma gome inadai mara nyingi zaidi, na njia haipo. “Ndiyo maana siipimi ikiwa imelala,” alisema. “Ikiwa imelala kila kitu ni kizima. Ipime ikiwa imebeba.”

Akakwangua rangi hadi chuma kikang'aa, akasafisha kichwa cha waya kwa msasa, akabadilisha bolti, akakaza, akapaka grisi juu. Haikufika nusu saa. Panya akarudishwa kwenye gogo lile lile, na magome na udongo vikaruka pembeni kwa fujo hadi vijana wakarudi nyuma wakicheka. Msumeno mmoja ukapasua hadi saa nane mchana.

Baba mdogo alikaa juu ya rundo la mabanzi akavua kofia. Nilitegemea aniambie kitu kuhusu rangi. Badala yake alisema, “Yule kijana aliniambia.”

“Alikuambia nini?”

“Alisema, mzee, panya amelegea. Siku tatu kabla sijakupigia. Nikaenda nikamwasha nikamwona anazunguka.”

“Mbona hukunieleza kwenye simu?”

“Hukuniuliza kijana anasema nini.”

Kweli, sikuuliza. Sheria ya kwanza wanayokufundisha chuoni ni kusikia upande wa pili, na mhariri wangu hunirudishia habari kila ikikosa. Gazeti likikosea, kosa husahihishwa kwa mistari michache kwenye kona ya ukurasa. Kosa langu halikuchapishwa popote. Lilipita kwenye simu ya dakika sita, ya mtu anayempenda baba yake mdogo na anayetaka kuonekana anajua. Na nililitolea hukumu juu ya ushahidi wa panya aliyezungushwa hewani.

Kesho yake tulikwenda kumtafuta, sisi wawili, kwa miguu. Anafanya kazi kwenye dingdong moja bondeni, anasukuma magogo. Huko hawahitaji mnoaji kama yeye. Mwenye dingdong ananoa msumeno wake mwenyewe kwa tupa. Alipotuona alizima uso, si kwa hasira, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikikaribia. “Kamwene,” akamsalimia baba mdogo. Mimi akaniambia, “Shikamoo, kaka.” Nilitamani asinipe hiyo shikamoo.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. Alimweleza waya, bolti, volti. Kijana alisikiliza huku akitazama mikono yake, na kwenye habari ya panya kuteleza juu ya udongo alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia kitu alichokwishakiona. Baba mdogo akatoa bahasha: mshahara uliokatwa na kitu juu yake. Akamwambia nafasi yake ipo.

Kijana alizihesabu zile pesa mbele yetu, noti kwa noti, bila haraka. Akatenga kile kilichozidi akakirudisha. “Hii siyo yangu,” alisema. Kuhusu kurudi kazini alisema atafikiria. Mpaka ninapoandika haya bado anafikiria, na namwelewa.

Kisha nikaanza kusema langu. Nilikuwa nimelipanga tangu usiku, na sentensi zake nzuri. Nilifika kwenye simu, nikafika kwenye kiti changu cha Dar, nikafika kwenye neno bangi. Hapo alinyanyua uso. Sikuwa na hakika kama alikuwa amewahi kulisikia hilo. Sasa amelisikia, kwangu mimi.

Alikaa kimya kitambo. Nyuma yake ile dingdong ilikuwa inakula gogo kwa kelele, unga unaruka kama mvua.

“Na ile rangi,” aliuliza mwishowe, “ilipakwa na nani?”

“Na mimi.”

Alinitazama kwa muda, halafu akageuka kumwangalia baba mdogo, kisha akarudi kwenye magogo yake.